Chai ya Watu Wawili

Kikombe cha kwanza alichokunywa bibi mchana ule kilimuunguza ulimi mpaka machozi yakamlenga, na wala hakikuwa chake. Kilikuwa cha mumewe. Alingoja wote mezani wageuke kumtazama mhudumu aliyekuwa anaingia na vikapu vya mvuke, akakinyakua, akakimimina kooni, akakirudisha mahali pake kitupu. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Saa, hakugeuka. Alikaa mgongo umenyooka, mikono juu ya mapaja, kama mtu anayengoja kupigwa picha ya kitambulisho.

"Safi, mkwe!" alisema mwenyeji wao, kwa ile sauti yake ya kuita watu ng'ambo ya barabara. "Chai hii ukishaionja huiachi. Mjazieni mzee wangu!"

Mhudumu akajaza. Bibi akakitazama kikombe kinavyofuka.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mwezi mmoja nyuma, Fundi Saa aliamka alfajiri na mdomo umekwenda upande. Kiharusi. Kidogo, daktari alisema, shukuruni. Baada ya siku mbili uso ulirudi, mkono ulirudi, hata kibano chake cha kuokotea vyuma vya saa alikishika bila kutetemeka. Koo ndilo lililogoma. Daktari akawachorea kwenye karatasi: hii njia ya chakula, hii njia ya pumzi, na hapa pana kama mlango, ambao sasa unachelewa kufunga. Maji na chai vinapita mbio kabla mlango haujafunga. Vitu vya kunata vinaganda palepale mlangoni. Basi ale vilivyopondwa, kijiko kidogo kidogo, kidevu ameinamisha kifuani, na kila cha kunywa kikorogwe kiwe kizito kama uji.

"Chai ikiingia mapafuni, mama, italeta ugonjwa mbaya," daktari alimwambia bibi. "Na kitu cha kunata kikiziba, hamtawahi kufika hapa."

Walipotoka pale, kwenye ngazi za hospitali, Fundi Saa alimshika mkewe mkono. "Watoto wasijue. Wakijua watafunga kibanda changu, wataniweka sebuleni kwao nitazame televisheni mpaka nife. Niapie."

Bibi akaapa. Tangu siku hiyo akawa anaponda na kukoroga, anahesabu vijiko, na usiku analala sikio moja liko kwa mumewe. Binti yao akipiga simu anajibiwa baba hajambo, sahani anairamba.

Ndipo mkwe wao akaalika. Huyu alikuwa baba wa mume wa binti yao, muuza matairi, na watu walimwita hivyo hivyo, Matairi. Kila alipokwenda Uchina kununua mzigo alirudi na masimulizi ya vyakula. Sasa mkahawa wa Wakantoni, wale Wachina wa kusini, wa hali ya juu kabisa, ulikuwa umefunguliwa orofa ya mwisho ya jengo jipya, na Matairi hakutaka kusikia udhuru. "Tangu harusi hatujala pamoja! Mtu na wakwe zake? Nitachukia."

"Tuseme unaumwa," bibi alimwambia mumewe.

"Tukisema naumwa, binti yako yuko hapa kesho asubuhi na begi la nguo. Twende. Utakaa karibu yangu."

Basi ndivyo walivyojikuta humo. Zulia lilikuwa nene, miguu haisikiki. Ukutani kulikuwa na tangi la samaki wanaoogelea polepole kama hawana shida duniani. Meza ya duara, kitambaa cheupe, na juu yake kioo kikubwa cha duara kinachozunguka, chakula kikimfuata kila mtu alipo. Watu walikuwa watano: Matairi, mkewe Mama Matairi, binti, ambaye mumewe alikuwa safarini kikazi, na wazee wawili. Bibi alipokiona kile kioo alielewa papo hapo kwamba humo hakuna sahani inayopita moja kwa moja. Kinachokuepuka sasa kitarudi.

"Chakula chenyewe kinaitwa dim sum," Matairi aliwafundisha. "Vitu vidogo vidogo, na chai juu ya chai. Mhudumu akikujazia, unagonga meza kwa vidole viwili, hivi, ndiyo asante. Na kikombe cha mgeni hakikai kitupu, ni aibu yangu mimi mwenyeji."

"Na kikikaa kimejaa?" aliuliza bibi.

"Kikikaa kimejaa na chai ikapoa, ni aibu zaidi! Inamwagwa, inaletwa ya moto."

Hapo hakuna pa kukimbilia. Bibi akanywa cha mumewe, akanywa na chake, maana na chake kilitazamwa.

Vikapu vikaanza kushuka mezani. Vya kwanza vilikuwa vifurushi vya kamba wa baharini, ngozi yake nyembamba ya unga unaiona mpaka ndani, inateleza kama sabuni iliyolowa. Matairi alivipenda mno, akamsukumia Fundi Saa kikapu kizima. Bibi akamwekea mumewe viwili kwenye sahani. Mazungumzo yalipochangamka, kimoja akakila yeye, cha pili akakifunga kwenye karatasi ya kufutia mikono na kukishusha ndani ya mkoba wake uliokuwa wazi mapajani. Ikaja mikunjo ya unga wa mchele inayoelea kwenye mchuzi mweusi. Na yenyewe, mmoja tumboni, mmoja mkobani. Mchuzi ukapita karatasi, akauhisi unamlowesha goti.

Afadhali moja tu: vipande vya figili iliyopondwa na kukaangwa, laini ndani. Bibi alivibomoa kwa uma akiondoa maganda magumu, akavisukuma mbele ya mumewe. Fundi Saa akala. Kidogo. Kidevu kifuani. Akameza, akangoja, akameza tena. Bibi naye koo lake lilikuwa linameza pamoja na la mumewe bila yeye kutaka.

"Mkwe anakula ameinama kama anatafuta sindano!" Matairi akacheka.

"Mazoea ya kazi," Fundi Saa alijibu. "Miaka arobaini nachungulia matumbo ya saa za watu."

Meza nzima ikacheka. Binti akamtazama baba yake kwa fahari. Bibi alicheka pia, huku anakisikiliza kile kikohozi kidogo alichokificha mumewe ndani ya kicheko. Kilikuwa kimoja. Hakikurudiwa.

Miguu ya kuku ilipofika, bibi aliuona mfupa tangu mbali, akakisukuma kioo. Matairi akakirudisha. Bibi akakisukuma tena, safari hii kwa nguvu, mpaka bakuli la pilipili likapepesuka.

"Mama, hapa si usukani wa lori!" Matairi akamtania. "Taratibu, tutapinduka."

"Nataka nionje vya upande ule, mkwe."

"Na vya upande huu je? Hujavila?"

"Mama!" binti akamnong'oneza, uso umemwiva kwa aibu. "Unafanya nini?"

"Nina njaa, mwanangu. Kwani kuna ubaya?"

Mama Matairi, mwanamke wa maneno machache aliyevaa saa ya dhahabu iliyomlegea mkononi, alikuwa amekaa upande wa pili wa bibi. Alimsogelea sikioni, akasema kwa upole uliochoma kuliko tusi: "Usijisumbue na mkoba, mkwe. Tutafungiwa vya kwenda navyo nyumbani."

Kumbe ameonwa. Kumbe anadhaniwa mdokozi, mwanamke mzima anaficha chakula cha watu kwenye mkoba kama hajapata kula. Alifungua mdomo ajitetee, akakumbuka zile ngazi za hospitali, akaufunga. "Ahsante," akasema. Neno lenyewe lilikuwa chungu mdomoni.

Na wakati huo jambo jingine lilikuwa linamjia, na hilo halikujali kiapo. Alikuwa amekunywa vikombe kumi na vitatu. Vyake na vya mumewe. Haja ndogo ilikuwa imeanza kumbana tangu cha nane, akabana miguu, akajikaza. Sasa alikuwa anakaa ncha ya kiti, hathubutu kucheka wala kupiga chafya. Choo kilikuwa palepale, akiona mlango wenyewe kando ya tangi la samaki, hatua kama thelathini. Kwenda hatua thelathini, kurudi hatua thelathini. Akahesabu. Katika muda huo kioo kitazunguka mara ngapi? Matairi atamwekea mumewe nini?

"Mama, hujisikii vizuri?" binti akauliza.

"Mimi? Mzima kabisa."

"Mbona unatetemeka?"

"Baridi. Hiki kiyoyozi chao kimezidi."

Fundi Saa akamgusa goti chini ya meza. Nenda, ule mguso ulisema. Bibi akatikisa kichwa.

Ndipo mhudumu akaja na kikapu kimoja peke yake, akakishika kwa mikono miwili, na Matairi akasimama. Ndani mlikuwa na mipira ya unga wa mchele, wa ule mchele unaonata, imekaangwa mpaka ikavimba, imepakwa ufuta, ndani ina maharage matamu yaliyosagwa. Matairi alichukua vijiti vya kupakulia, akauinua mmoja. Unga ukavutika kama chingamu kabla haujakubali kuachia. Bibi aliona ule uzi mweupe ulivyorefuka hewani bila kukatika, akamkumbuka daktari.

"Huu mwenyeji anampa mgeni wake kwa mkono wake mwenyewe," Matairi alisema, sasa bila mzaha, karibu kwa heshima. "Na hatuli mpaka mgeni ale. Mkwe, umenipa binti, nyumba yangu imepata nuru. Karibu."

Akauweka kwenye sahani ya Fundi Saa. Vijiti vyote vikatulia. Macho yote yakamwangukia mzee mmoja.

Bibi akanyoosha mkono. Matairi akauzuia kwa kiganja chake kikubwa. "Aa-aa! Wewe mama umemlia mwenzio tangu tulipokaa. Nimekuona! Unadhani sikukuona? Huu mwachie mzee."

Wakacheka. Binti naye: "Mwache baba ale, mama."

Fundi Saa akauinua mpira kwa vidole. Uso wake ulikuwa unatabasamu. Macho hayakuwa yanatabasamu, na kwa watu wote waliokuwa pale ni mmoja tu aliyejua kuyasoma. Yalikuwa yanamwambia: nitauma kidogo, nitauficha shavuni, usiseme.

"Usile," bibi akasema.

"Jamani, mama..."

"Usile, baba watoto. Weka chini." Akageuka kwa wengine, na sauti yake ilitoka juu kuliko alivyokusudia, mpaka meza ya jirani wakaacha kula. "Akimeza hicho atakufa. Alipata kiharusi. Koo halifungi. Chai hii yote nimekunywa mimi, vyakula viko humu mkobani, tazameni. Tazameni! Mwezi mzima nawadanganya."

Binti alikuwa ameinuka nusu, mkono kifuani. "Baba?"

Fundi Saa alimtazama mkewe kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Kisha akacheka, kicheko kikavu. "Mke wangu ana utani mbaya," alisema. Akaung'ata ule mpira nusu, akaanza kutafuna.

Taya likapanda, likashuka. Punje za ufuta zilimganda mdomoni. Alitafuna, na kadiri alivyotafuna ndivyo donge lilivyozidi kujikusanya, bibi aliliona likihama chini ya shavu, kutoka kulia kwenda kushoto. Matairi alibaki amesimama na vijiti vyake, midomo wazi. Fundi Saa alitafuna akiwa ameinua kidevu, makusudi, kama wanavyokula watu wote. Tafuna. Tafuna. Lakini hamezi. Bibi akayaona macho yake yanaanza kupanuka, akajua: mzee amefika mlangoni, anaogopa kwenda mbele, na haya inamzuia kurudi.

Akainuka. Hakupiga kelele, hakulia. Alisogea mbele ya mumewe, akaweka kiganja chake wazi chini ya kidevu chake, kama alivyowafanyia watoto wao wote walipokuwa wadogo. Mbele ya wakwe. Mbele ya wahudumu. Akangoja.

Taya likasimama. Fundi Saa alitoa sauti ndogo, si kikohozi, ni ile ya birika linapoanza kuchemka, kisha hata hiyo ikakatika. Uso ukaanza kuwa mweusi. Binti akapiga yowe. Bibi akamwinamisha kwa mkono mmoja, kichwa chini, akampiga kati ya mabega, mara moja, mara mbili, mara tatu, kiganja kingine hakijaondoka. Mara ya nne donge likatoka lote, jeupe, zito, la moto, likaanguka mkononi mwake. Na nyuma yake ikaja pumzi, ndefu, ya kukwaruza, halafu kikohozi ambacho bibi alidhani hakitaisha.

Alipomshika hivyo mabega, na kukohoa kukiendelea, ndipo alipohisi joto likimteremka miguuni. Alijaribu kubana. Mwili ulikwisha kata shauri wenyewe. Vile vikombe kumi na vitatu vilikuwa vinatoka, gauni lake la kijani likibadilika rangi mbele ya kila mwenye macho, naye hawezi kumwachia mumewe.

"Jamani!" Mama Matairi akasema ghafla. Birika la chai lilikuwa mkononi mwake, na kabla mtu hajageuka lilikuwa limemiminika lote, kuanzia kiunoni mwa bibi hadi kwenye zulia. Chai ilikuwa imekwisha poa. "Jamani mikono yangu! Nimemlowesha mkwe wa watu! Njoo, njoo nikukaushe, haraka."

Bibi akamtazama. Mama Matairi hakupepesa jicho.

"Mshike baba yako," bibi alimwambia binti. "Usimwache. Usimpe maji."

Chooni Mama Matairi alifunga mlango kwa komeo, akafungua kilemba chake, akampa ajifunge kama shuka, akaanza kulisuuza gauni kwenye sinki la marumaru.

"Ulidhani naiba," alisema bibi.

"Nilidhani. Nisamehe."

"Ningekuwa mimi ningedhani hivyohivyo." Meno yalikuwa yanamgongana. "Umemwona akiongea? Baada ya kukohoa, amesema neno?"

"Sijamsikia."

Bibi akalikwapua gauni likiwa bado linachuruzika. Daktari alisema kitu kimoja cha kuangalia akipaliwa: sauti. Sauti ikiwa kavu, kifua ni salama. Ikiwa ya majimaji, kama mtu anaongea huku anasukutua, basi kitu kimekwenda mapafuni, mkimbizeni. Akalivaa vivyo hivyo, la baridi, akatoka.

Mezani binti alikuwa amepiga magoti kando ya kiti cha baba yake, analia, mkono ameunyoosha. "Nipe funguo za kibanda, baba. Leo hii nakifunga. Sema basi! Nakuuliza tangu lini?" Matairi alikuwa amekaa chini hatimaye, mtu mkubwa amekuwa mdogo, anarudia, "Ningemuua. Kwa mkono wangu." Fundi Saa alitazama dirishani. Hajibu.

"Mzee," bibi akasema. "Sema kitu."

Kimya.

"Nitukane. Una haki. Nitukane, lakini kwa sauti."

Akageuza uso kabisa. Alikuwa amemkasirikia, na bibi alizijua hasira zake. Angeweza kukaa kimya siku tatu. Siku tatu! Kifua chake kilipanda na kushuka. Je, ndani mna nini? Bibi alisogeza sikio, akasikia samaki wakipuliziwa hewa tangini, akasikia sahani mbali jikoni, hakusikia analolitafuta. Wampeleke hospitali? Atakataa kwa kutikisa kichwa. Wangoje? Wangoje nini?

Macho yake yakatua kwenye mkono wa Mama Matairi.

"Mkwe," bibi akasema, "hiyo saa yako ya dhahabu inakwenda kweli?"

Mama Matairi akashangaa, akaitazama. "Hii? Inasimama kila nikiivua usiku. Asubuhi imelala."

"Basi ni betri. Peleka dukani wakubadilishie betri, ni kazi ya dakika moja. Mtu yeyote anaweza."

Bega la Fundi Saa likashtuka.

"Eeh, betri tu," bibi akaendelea. "Na wakiona haifai, waitupe mashine ya ndani waweke mpya ya plastiki. Siku hizi hakuna haja ya fundi."

"Betri gani?" Fundi Saa akageuka. "Betri gani wewe mwanamke? Saa ile haina betri! Inajitia ufunguo yenyewe kwa mkono unavyotembea. Na imemlegea, haitikisiki vizuri, ndiyo maana inalala. Ukiipeleka kwa hao wa dakika moja wataiua. Mkwe, usimsikilize. Iache kibandani kwangu Jumatatu."

Binti akafungua mdomo kuhusu kibanda. Bibi akainua mkono uliolowa, akamnyamazisha.

"Mwache aongee," akasema, ameinama, sikio karibu kabisa na mdomo wa mumewe. Sauti ilikuwa kavu. Alidhani ilikuwa kavu. "Endelea, baba watoto. Halafu? Ukishaifungua, unaanzia wapi?"